Kutoa fotokopi ya kitabu kizima: je, pato lake ni halali?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Nina duka la fotokopi hapa Kondele, Kisumu. Wanafunzi huniletea kitabu cha kurasa 200 kinachouzwa shilingi 650, niwatolee chote. Karatasi moja hubeba kurasa mbili kwa shilingi 3, kwa hiyo mteja hulipa 300. Wengine huja na PDF ya WhatsApp. Vitabu ni ghali. Je, pato langu ni halali?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Fotokopi ni kazi halali. Kisichojuzu ni kutoa kitabu kizima bila idhini ya mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki ya mtunzi ni mali inayolindwa na sharia.

Kuhusu ughali, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei zilipopanda. Alikataa, akichelea kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhulma ya damu au mali. Basi ughali hauhalalishi mali ya mtu.

Tuseme mkataba unampa mtunzi asilimia 10, yaani 65 kwa nakala. Darasa la watu 40 likinunua kimoja nawe ukatoa 39, amekosa 2,535. Kweli, si wote wangenunua. Hilo hupunguza hasara tu, hukumu iko palepale.

Kitabu cha karatasi ukimwazima jirani, wewe huna tena mpaka akurudishie. PDF ukiituma kwenye kundi, wao wanayo na wewe bado unayo. Hapo si kuazima tena, ni kuzalisha nakala.

Kurasa chache za mtu kujisomea hazina neno, hata sheria ya Kenya inaziruhusu. Vilevile kazi ya mtunzi aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Ila tahadhari, na hapa wengi huteleza: Imamu Nawawi alifariki 1277, lakini tafsiri mpya ya Kiswahili ya kitabu chake ina mwenyewe.

Kwa yaliyopita, kutojua huondoa dhambi, hakuondoi deni. Karatasi, wino na jasho ni vyako. Unachodaiwa ni haki ya mtunzi. Kadiria nakala ulizotoa, umpelekee kupitia mchapishaji, ambaye anwani yake imo kurasa za mwanzo. Ukimkosa kabisa, itoe sadaka kwa niaba yake.

Na wateja wako waambie wachange: nakala tano ni 3,250, ziwekwe wakfu madrasa, ziazimwe kwa zamu.

Wallahu a'lam.