Maji ya tumbaku kwenye kabichi: kesho yake naweza kuvuna?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nalima kabichi na nyanya huku Igombe, Mwanza, na vidukari wamenizidi. Jirani kanielekeza niloweke majani ya tumbaku usiku kucha, nichanganye na sabuni ya mche, nipulizie. Anasema si dawa ya dukani, kwa hiyo kesho yake navuna. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Vidukari watakufa, hapo jirani hajakudanganya. Kinachowaua ni nikotini, sumu ambayo tumbaku huitengeneza mizizini na kuipandisha majani­ni ili isiliwe. Sumu hiyo huvuruga mishipa ya fahamu: mdudu hutetemeka, hupooza, hufa. Lakini mishipa yako nayo huidaka vilevile.

Kuvuna kesho yake, hapana. Nikotini katika jani kavu la tumbaku kwa kawaida ni kama asilimia 0.6 hadi 3 ya uzito wake. Maana yake ndoo ya leo yaweza kuwa kali mara tano kuliko ya juzi, ingawa umepima majani yaleyale kwa mizani ileile. Dawa iliyosajiliwa ina kipimo na siku za kusubiri. Hii yako haina, na mboga inakwenda kuliwa na watoto wa watu.

Sabuni nayo inaongeza ukali. Ile ya mche hufanya maji yawe na ubesi (kinyume cha asidi), na nikotini kwenye ubesi hupenya ngozi kwa urahisi zaidi, ya mdudu na ya kwako. Bomba likivuja mgongoni unaweza kupata kizunguzungu, jasho jingi na kutapika. Wachumaji wa tumbaku hupatwa na hayo kwa kushika tu majani mabichi yenye umande.

Kwenye nyanya usithubutu kabisa. Tumbaku hubeba kirusi cha batobato (ugonjwa wa mabaka kwenye majani) ambacho hubaki hai hata kwenye majani makavu na kwenye ugoro, na nyanya ikishakipata haina tiba. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Jaribu maji ya sabuni peke yake, kidogo na mepesi, jioni, ukilenga chini ya jani walikojificha. Anza na mashina machache uone kama majani hayaungui. Wakizidi, tumia mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa. Na kama ulishatengeneza ile ya tumbaku, usiimwage wala kusuuzia bomba ziwani. Nikotini inaua samaki pia.