Ukisoma Sevilla, wikiendi zako zianzie karibu

Mwanafunzi akifika Sevilla, kusini mwa Hispania, hachelewi kukutana na kishawishi cha tiketi za ndege za bei rahisi. Ijumaa jioni wenzake wanaelekea Paris, Roma au Lisbon, naye anaona akibaki amepitwa. Wadogo zangu mnaokwenda kusoma Andalusia, jimbo lenye Sevilla, nawashauri mziache hizo ndege, angalau muhula wa kwanza. Ndani ya saa mbili za treni au basi kuna miji ambayo watu huvuka bahari kuja kuiona, nanyi mnaweza kwenda asubuhi mkarudi usiku kulala kwenu bila kulipia hoteli.

Anza na Córdoba. Kutoka kituo cha Santa Justa, hapo Sevilla, treni ya mwendo kasi, AVE, hufika kwa dakika 45 hivi, lakini nauli yake hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Ile wanayoiita Media Distancia huchukua muda zaidi, ila kwa mfuko wa mwanafunzi ndiyo ya kupanda. Nenda Jumamosi na uondoke mapema kadiri ratiba inavyoruhusu. Nilipokuwa huko, kuingia Mezquita, msikiti mkuu wa zamani wa mji huo, kulikuwa bure Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Pesa unayookoa ni nzuri, lakini kizuri zaidi ni utulivu: makundi ya watalii hayajafika, na unaweza kusimama mahali pamoja bila kusukumwa.

Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala wa Kiislamu wa Córdoba, alianza kuujenga msikiti huo katika miaka ya 780, waliomfuata wakaupanua, na mwaka 1236 Wakristo walipouteka mji ukageuzwa kanisa. Usiishie kupiga picha matao yenye mistari myekundu na myeupe. Zisogelee nguzo. Zile za sehemu ya zamani zaidi ziliokotwa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi, watawala wa kabla ya Waislamu, kwa hiyo hazifanani: moja ni nyeusi, jirani yake ina rangi ya waridi, nyingine imechongwa mikunjo inayozunguka kama kamba iliyosokotwa. Zilikuwa fupi kwa dari waliyoitaka mafundi, ndipo wakapandisha matao ya ngazi mbili, moja juu ya lingine. Fundi aliyeona tatizo hilo akalitatua kwa uzuri ule, mimi namvulia kofia mpaka leo. Kisha nenda kwenye mihrabu, uangalie vijiwe vya dhahabu vilivyoletwa kutoka Bizanti karne ya 10.

Kwa Waislamu, mjue kabisa kabla ya kwenda: kuswali humo hairuhusiwi, na walinzi wako macho. Iliniuma, na bado naona ni heri kwenda kuliko kutokwenda.

Mchana, kuanzia kama saa nane, maduka mengi hufungwa na watu huenda kula. Usipambane na ratiba yao. Tafuta mgahawa wenye menú del día, yaani mlo kamili kwa bei moja, ule taratibu. Salmorejo ya Córdoba, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, kwa kawaida hunyunyiziwa yai na vipande vya jamón, ambayo ni nyama ya nguruwe. Kama huli, sema mapema: sin jamón.

Wiki ambayo mfuko umetoboka, nenda Itálica, pale Santiponce jirani na Sevilla, kwa basi la kawaida kutoka stendi ya Plaza de Armas. Ni mji wa Kirumi ulioanzishwa mwaka 206 kabla ya Kristo, na mfalme Trajan alizaliwa hapo. Sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya tulikuwa tukilipa yuro 1.50 tu. Kuna uwanja mkubwa wa michezo ya mapigano, lakini mimi hunivuta zaidi sakafu ya ile iitwayo Nyumba ya Ndege: ina picha za ndege wa porini na wa kufugwa, kila mmoja kwenye kisanduku chake, katengenezwa kwa vijiwe vidogo. Usiende Jumatatu, hufungwa.

Aliyekulia pwani atapenda Cádiz, karibu saa moja na dakika arobaini kwa treni. Maji yameuzunguka mji karibu pande zote, na samaki wa kukaanga wanauzwa kwenye karatasi. Ronda ni kwa basi. Daraja lake, Puente Nuevo, lilikamilika mwaka 1793 na lina kimo cha karibu mita 98. Shuka kwa miguu hadi bondeni ulitazame kutoka chini.

Granada usiifanye ya kwenda na kurudi siku moja. Ni karibu saa tatu kila upande, na Alhambra, ngome yenye makasri ya wafalme Waislamu wa Nasrid, peke yake inakula nusu siku. Lala usiku mmoja. Tiketi inunue wiki kadhaa kabla, beba pasipoti, na uheshimu saa iliyoandikwa ya kuingia Kasri za Nasrid, kwa sababu ukichelewa huingii. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331 ndiye huyo huyo aliyefika Granada kama miaka 20 baadaye, wakati ufalme wa Nasrid ukiwa hai. Kwa mtu wa kwetu, nadhani hilo ni jambo la kwenda nalo moyoni.

Safari za bara, mbali na pwani, zifanye Oktoba hadi Mei, ukwepe joto la kiangazi. Tarehe 14 Agosti 2021, La Rambla, mkoani Córdoba, ilipimwa nyuzi joto 47.6. Kabla hujatoka stendi ya mji uliofika, piga picha ratiba ya mabasi ya kurudi, hasa Jumapili, maana huwa machache.

Tangier, ng'ambo ya pili huko Morocco, nayo inashawishi. Kivuko kutoka Tarifa ni kama saa moja tu. Lakini hapo unatoka Hispania. Soma visa yako inaruhusu kuingia mara ngapi, na kama kadi yako ya ukaaji, TIE, haijatoka, kaulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujalipa nauli.