Maswali na majibu: mkate mgumu si mkate mbovu

Maswali ya safari hii ni ya mkate, na mengi yanauliza friji. Naanza na hilo, maana nimeshalijibu mara nyingi na bado mnalirudia.

Swali: Mkate nauweka kwenye friji, mfuko nimeufunga barabara. Kesho yake mgumu. Unakaukaje wakati hewa haiingii?

Haukauki, na hapo ndipo wengi mnapopotea. Kukauka ni jambo moja, kukakamaa ni jingine. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate hukakamaa hata ukifungiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena. Mwenye kesi ni wanga. Mkate unapookwa, wanga hunywa maji, ukavimba na kulainika. Mkate ukishapoa, wanga huo huanza kujipanga upya na kushikamana, nao ulaini unakwenda. Baridi ya friji, ile ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, huharakisha kazi hiyo kuliko hali ya kawaida ya chumbani.

Usiniamini mimi, amini kidole chako. Kata vipande viwili vya mkate mmoja, kila kimoja kifunge mfukoni mwake, kimoja kiende friji na kingine kabatini. Kesho yake vibonyeze. Cha kabatini kitabonyea kisha kiinuke taratibu. Cha friji kitakuwa kimekaza, na ukikikunja kitapasuka katikati na kupukutika. Friji huchelewesha kuvu, hilo ni kweli, lakini mkate unaoula utakuwa umezeeka kabla ya siku zake. Mkate wa kuliwa leo na kesho mahali pake ni kabatini, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa jua.

Swali: Kama baridi ni mbaya, mbona unasifia friza?

Kwa sababu nyuzi 18 chini ya sifuri maji yameganda, na wanga hauna tena nafasi ya kujipanga. Lakini gandisha siku ile ile mkate ungali mpya. Wengi mnaula siku tatu, mkiuona umechoka ndipo mnakumbuka friza. Friza haifufui mkate, hutoka kama ulivyoingia.

Kata slesi kwanza, kamua hewa yote mfukoni, ufunge. Ukihitaji slesi mbili, toa mbili, uzitie moja kwa moja kwenye tosta au kwenye kikaango kikavu. Usizipitishe kwenye friji eti ziyeyuke polepole, utakuwa umezirudisha kwenye baridi ile ile tuliyoikimbia. Ndani ya miezi mitatu ladha bado ipo. Baada ya hapo hauna madhara, ila hunyauka na kushika harufu za vilivyo jirani yake. Kwa hiyo msiuweke wazi ubavuni mwa samaki, halafu mkaniandikia kulalamika.

Swali: Nimeona kuvu kidogo tu pembeni. Si nikate pale nile palipobaki?

Hapana. Tupa mkate wote.

Swali hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mkate umejaa matundu, na nyuzi za kuvu hupenya ndani yake muda mrefu kabla hujaona rangi. Ule ukijani au weusi unaouona ni mbegu zake, yaani kazi imeshafika mbali. Ukikata pale penye doa, umeondoa ua na kuacha mizizi. Kuubanika nako hakukusaidii: zipo sumu za kuvu ambazo moto wa jikoni hauziwezi. Usiusogeze puani kuunusa, maana mbegu hizo utazivuta kifuani. Usimtupie mnyama pia, naye ana ini kama wewe. Na kama ni mkate wa slesi, ndani ya mfuko ule ule hakuna slesi iliyo salama.

Kinachonisikitisha ni kwamba nyumba ile ile inayokwangua kuvu na kula, ndiyo inayotupa mkate uliolala kwa sababu umekuwa mgumu. Mnatupa mzima, mnakula mbovu.

Swali: Mfuko wa plastiki au wa karatasi?

Unataka ganda libaki kavu na la kuvunjika? Karatasi, ila ndani utakauka kesho. Unataka ulaini? Plastiki, na wakati wa joto na unyevu ukague kila siku.

Swali: Naoka mwenyewe na kuufunga ungali moto ili ubaki laini. Siku ya pili unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, na ndani unanata.

Kwanza, acha kuufunga ungali moto. Mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko, nawe umewaandalia wadudu makao. Uweke juu ya wavu, upite hewa hadi chini, saa mbili au zaidi, mpaka kitako kiwe baridi mkononi.

Pili, harufu hiyo naijua. Ukiuvunja huo mkate polepole utaona nyuzi nyembamba zinavutika kama utando wa buibui. Hiyo ni kazi ya bakteria, mara nyingi Bacillus subtilis. Mbegu zake huja na unga, na haziuawi na uokaji kwa sababu katikati ya mkate joto halizidi nyuzi 100. Tupa, kisha osha kisu, ubao na chombo unachohifadhia, ufute kwa siki. Mkate wa chachu ya kuchachusha kwa muda mrefu huwa na asidi, nao huwapinga bakteria hawa vizuri zaidi.

Swali: Mkate uliolala unaweza kurudi?

Ndiyo, kama hauna kuvu. Lowesha ganda kwa maji kidogo kwa kiganja, tia kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika tano hadi kumi. Katikati ikipita nyuzi 60 hivi, wanga hulegea. Ule saa hiyo hiyo, kwani ukipoa utakakamaa kuliko mwanzo. Ulioshindikana kabisa, ukaushe na kuusaga uwe chenga za kupakia vya kukaanga.

Swali: Chombo cha mkate kioshwe mara ngapi?

Kila wiki. Makombo yaliyobaki kwenye pembe ndiyo yanayoambukiza mkate mpya.

Swali: Na asiye na friza?

Anunue au aoke mdogo zaidi, wa kuliwa kwa siku mbili. Upande uliokatwa aulalishe juu ya ubao.