Yanga 2023 alikosaje kombe bila kuzidiwa mabao? Jibu liko kwenye historia ya klabu za Algeria

Mkuu umeuliza mambo mawili: klabu za Algeria zimefanya nini Afrika mpaka ziogopwe hivi, na iweje Yanga atoke fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 jumla ikiwa 2-2 halafu kombe libaki Algiers. Nayajibu pamoja, kwa sababu jibu ni moja.

Ukiacha Super Cup, klabu za Algeria zimetwaa makombe 10 ya CAF kati ya 1976 na 2023: matano ya mabingwa, moja la Washindi, matatu ya lile Kombe la CAF la zamani, na moja la Shirikisho. Sasa tazama yalivyopatikana. Mawili yaliamuliwa kwa penalti na manne kwa bao la ugenini (jumla ikiwa sare, aliyefunga mengi zaidi ugenini ndiye anayebeba). Maana yake katika fainali sita kati ya kumi, jumla ya mabao baada ya mechi mbili ilikuwa sare. Hawa hawaziangalii kama mechi mbili. Kwao ni mechi moja ya dakika 180, na kila bao lina thamani yake kulingana na mahali lilipofungwa.

Tuanze na ya kwetu. Mei 28, 2023, kwa Mkapa, USM Alger walitangulia kwa bao la Aymen Mahious dakika ya 32. Mayele wa Yanga akasawazisha dakika ya 82, uwanja ukalipuka. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili. Watu wengi bado wanalizungumzia bao la Mahious, lakini lililobeba kombe ni la Merili. Kama mchezo ungeisha 1-1, ushindi wa 1-0 kule Algiers ungempa Yanga kombe moja kwa moja. Lilipoingia lile la 84, hesabu ya marudiano ikawa hivi: Yanga akishinda 1-0 anatoka, akishinda 2-1 wanakwenda kwenye penalti, akishinda 2-0 au 3-2 anabeba. Juni 3 kwenye uwanja wa 5 Julai, Djuma Shaban akafunga penalti dakika ya 7 na ubao ukabaki 1-0 hadi mwisho. Mabao ya ugenini: USM Alger 2, Yanga 1. Hakuna dakika 30 za nyongeza hapo, mabao ya ugenini yakitofautiana mjadala umefungwa. Ulaya waliifuta kanuni hii 2021, CAF wakaendelea nayo.

Kosa la Yanga halikuwa Algiers. Kule walicheza vizuri na walishinda. Kosa lilikuwa zile dakika mbili za Dar. Timu iliyotoka kusawazisha nyumbani dakika ya 82, ikiwa na mchezo wa pili mbele yake, ilitakiwa kufunga milango ichukue 1-1 yake. Tulipanda juu kutafuta la ushindi, nyuma pakabaki wazi. Abdelhak Benchikha, kocha wao, ndiye huyo huyo aliyekuja Simba mwishoni mwa 2023, na waliomtazama akiwa Msimbazi waliona jinsi alivyokuwa mkali kwenye mpangilio wa timu inapopoteza mpira.

Turudi nyuma. Kombe la kwanza la Algeria ni la MC Alger, 1976, klabu iliyoundwa 1921 enzi za Mfaransa. Wapinzani wao fainali walikuwa Hafia ya Conakry, mabingwa watetezi, timu iliyotisha kuliko zote Afrika miaka ile (ilibeba 1972, 1975 na tena 1977). Mechi ya kwanza Conakry Hafia wakashinda 3-0. Kwa timu nyingi huo ni msiba. Marudiano Algiers MC Alger nao wakarudisha 3-0, Omar Betrouni akiwa nyota wa siku hiyo, kisha wakamaliza kwa penalti 4-1. Kilichowaokoa zaidi ya kufunga ni kutoruhusu bao. Hafia wangepata hata moja tu, matatu yasingetosha tena, na timu inayolazimika kupanda mbele kutafuta la nne ndiyo inayopigwa kwa kushtukizwa.

Mwaka uliofuata, 1977, serikali ya Algeria ilifanya mageuzi makubwa ya michezo: kila klabu kubwa ikawekwa chini ya shirika la umma. MC Alger ikaenda Sonatrach, shirika la mafuta, na jina likabadilika. JS Kabylie ya Tizi Ouzou ikawekwa chini ya shirika la vifaa vya umeme na ikawa JE Tizi-Ouzou, wengine wakaiita JET. Usipolijua hili utachanganyikiwa ukisoma orodha za mabingwa, maana utakuta JET 1981 na JSK 1990 ukadhani ni timu mbili. Ni ile ile. Wachezaji waliajiriwa na mashirika, mishahara ikawa ya uhakika, safari zikalipiwa. Nguvu ya Algeria miaka ya themanini ilitoka hapo, na timu ya taifa iliyowafunga Wajerumani Magharibi 2-1 kwenye Kombe la Dunia 1982 ilijaa watu wa ligi hiyo.

JET walibeba 1981 chini ya Mahieddine Khalef na Mpolandi Stefan Żywotko, wakiwafunga AS Vita Club 4-0 nyumbani na 1-0 Kinshasa. Kati ya fainali zao zote hiyo ndiyo isiyokuwa na hesabu ngumu. Mwaka 1990, jina la JSK likiwa limerudi, ikawa kinyume chake: 1-0 nyumbani dhidi ya Nkana ya Zambia, 0-1 Lusaka, penalti 5-3.

Katikati hapo kuna habari ya ES Sétif 1988, ambayo hutokea mara chache sana kwenye soka. Walikuwa wameshuka daraja nyumbani huku wakiendelea na kombe la mabingwa wa Afrika. Fainali wakapoteza 1-0 Nigeria kwa Iwuanyanwu Nationale, marudiano yakachezwa Constantine, wakashinda 4-0. Bingwa wa Afrika akiwa daraja la pili. Mwaka uliofuata wakawafunga Al-Sadd ya Qatar mechi zote mbili na kuchukua Kombe la Afrika na Asia. Mwaka huo huo wa 1989 MC Oran walifika fainali ya mabingwa wakakwama kwa Raja Casablanca kwenye penalti, kwa hiyo si kila mara penalti ziliwakubali.

Miaka ya tisini nchi iliingia kwenye vita vya ndani, na klabu nyingi zikapotea kwenye ramani ya Afrika. JSK peke yao walibaki wamesimama: Kombe la Washindi 1995 dhidi ya Julius Berger ya Nigeria (1-1 ugenini, 2-1 nyumbani), kisha Kombe la CAF mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Fainali mbili za mwanzo kati ya hizo ndizo ningependa kila kocha wa Afrika Mashariki azipitie. 2000: wakatoka 1-1 na Ismaily huko Misri, wakarudi nyumbani na kucheza 0-0. Wamebeba kombe kwa suluhu, na lile bao moja walilofunga ugenini, mjini Ismailia. 2001: wakapoteza 2-1 Tunisia kwa Étoile du Sahel, wakashinda 1-0 nyumbani. Anayesema "tumepoteza 2-1 ugenini, hali ni mbaya" hajazielewa hesabu hizi. 2-1 ugenini ni matokeo mazuri kuliko 0-1, kwa sababu baadaye 1-0 tu inatosha.

Sasa 2014, na hapa ndipo nataka ulinganishe na Yanga. ES Sétif wa Kheireddine Madoui, kocha aliyekuwa bado kijana wa miaka 37, walikutana na TP Mazembe ya Congo nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nyumbani 2-1, Lubumbashi wakafungwa 3-2. Jumla 4-4, mabao ya ugenini Sétif 2, Mazembe 1. Fainali wakakutana na AS Vita Club ya kocha Florent Ibenge: Kinshasa 2-2, kisha Blida, kwao Algeria, 1-1. Jumla 3-3, mabao ya ugenini Sétif 2, Vita 1. Miaka tisa baadaye USM Alger na Yanga: 2 kwa 1. Hesabu ile ile mara tatu. Ndiyo maana sikubali kabisa wanaosema Yanga alikosa bahati. Hii ni mbinu, na siri yake ni kufunga mabao mawili ugenini.

Je, hawafungiki? Wanafungika, na waliotoa somo ni Mazembe. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2015 walikwenda Algiers kwanza, Kalaba akafunga, Samatta akaongeza kwa penalti, USM Alger wakapata moja la kuchelewa: 2-1. Lubumbashi Samatta tena kwa penalti, Assalé akamalizia, 2-0. Mbwana alimaliza mashindano na mabao 7. Mwaka 2016, fainali ya Shirikisho, MO Béjaïa walilazimishwa 1-1 Blida kisha wakachapwa 4-1 Lubumbashi. Kocha wa Mazembe wakati huo alikuwa Hubert Velud, Mfaransa aliyewahi kuchukua ubingwa wa Algeria akiwa na ES Sétif na pia USM Alger. Mara zote mbili Mazembe walipata bao la ugenini kwenye mkondo wa kwanza, wakaenda nyumbani mwarabu ndiye anayelazimika kufunguka.

Kwa timu zetu, ukiacha ule ushindi wa Yanga wa fainali ya 2023, tatizo linaonekana ukipanga matokeo ya mechi za kule Algeria peke yake. Yanga kwa MC Alger 2017: 0-4, baada ya kushinda 1-0 Dar. Yanga kwa USM Alger 2018: 0-4. Simba kwa JS Saoura 2019: 0-2. Yanga kwa CR Belouizdad 2023: 0-3. Yanga kwa MC Alger 2024: 0-2. Katika safari hizo tano hatukupata bao hata moja. Simba alipopata moja Constantine Desemba 2024, akapoteza 2-1, akaja kushinda 2-0 kwa Mkapa na kuongoza kundi.

Sababu ni za kawaida lakini zinajumlishana. Safari ni ya kuunganisha ndege, na saa za kule ziko mbili nyuma yetu. Desemba na Januari mpira unachezwa kwenye baridi kali, hasa Sétif na Constantine zilizoko nyanda za juu (Sétif iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari), ilhali Béchar ya Saoura ni jangwani. Viwanja vingi vya klabu vimekuwa vya nyasi bandia: mpira unakimbia zaidi, unadunda juu, pasi ndefu ya kumtafuta mshambuliaji inatoka nje. Njumu ndefu zinanasa, kwa hiyo mchezaji abebe za meno mafupi na timu ipate mazoezi angalau mawili kwenye zulia kabla ya kuondoka Dar, siyo kuligundua siku ya mechi. Halafu dakika 20 za mwanzo jukwaa linawaka fataki na moshi, wenyeji wanapiga krosi na kona mfululizo. Ukiruhusu bao la mapema pale unaanza kufunguka, na 1-0 inageuka 4-0.

Kwenye hatua ya makundi bao la ugenini si la kwanza kuangaliwa, ila matokeo ya waliofungana pointi wao kwa wao ndiyo yanayotangulia, kwa hiyo bado kila bao linahesabika. Msimu wa 2023/24 Yanga na Belouizdad walimaliza na pointi 8 kila mmoja. Kule 0-3, Dar 4-0, Yanga akapita kwa 4-3. Bao la nne, la Joseph Guede, ndilo lililofanya mambo yasiende kwenye hesabu nyingine. Msimu uliofuata MC Alger walikuja kwa Mkapa Januari 18, 2025 wakiwa na pointi 8, Yanga 7. Sare iliwatosha. Walikaba dakika 90 zote, 0-0, wakapita. Ukiangalia mechi ile tena, hesabu mara ngapi walituma zaidi ya watu watatu kwenye nusu ya Yanga, utaona ni ile ile ya JSK na Ismaily mwaka 2000.