Vitalu au bloku? Na kitenzi je?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili hapa Nairobi. Kwenye ikisiri nilisema, "Utafiti wa kitaaluma uliendeleza mnyororo wa vitalu." Msimamizi wangu amefuta vitalu, akaandika bloku. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Kahawa West

JIBU: Msimamizi wako yuko sawa, ila kalamu yake nyekundu ingetua kwingine kwanza. Tunazungumzia blockchain: daftari la kidijitali ambalo kumbukumbu zake hufungwa katika mafungu, yaani bloku, yanayounganishwa moja baada ya jingine.

Kitalu tunakijua: cha miche, cha uwindaji, cha mafuta kule Turkana. Ni eneo lenye mpaka wake. Nikikiuza changu, chako hakitikisiki. Bloku za teknolojia hii haziko hivyo. Kila moja hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na ile iliyoitangulia, kwa hiyo ukichezea ya katikati, zote zinazofuata zitakuumbua. Bloku ni neno la mkopo, halina urembo wowote, lakini halipotoshi. Na mnyororo usiuogope kwa sababu ya kumbukumbu za pingu. Wakulima wetu wamekwisha kuuzoea "mnyororo wa thamani".

Sasa kitenzi. Kuendeleza ni kusukuma mbele kitu ambacho tayari kipo. Mwaka 1991 Stuart Haber na W. Scott Stornetta, watafiti wa Bellcore huko Marekani, walichapisha njia ya kuunganisha hati za kidijitali ili tarehe zake zisighushiwe. Wakati huo Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumia mnyororo wa bloku, haikuwapo. Satoshi Nakamoto, jina la bandia la aliyeibuni Bitcoin, alipotoa makala ya kuieleza mwaka 2008, alitaja marejeo 8, na 3 kati ya hayo yalikuwa kazi za wawili hao, moja wakiwa na mwenzao. Hapo utafiti haukuendeleza, uliweka msingi. (Cha kuchekesha, makala hiyo inataja bloku, inataja mnyororo, lakini haiyaunganishi maneno hayo popote kuwa jina moja.)

Kuendeleza kulikuja baadaye. Mwaka 2013 Ittay Eyal na Emin Gün Sirer wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba wachimbaji wa Bitcoin, yaani wanaotumia kompyuta zao kuongeza bloku mpya ili walipwe, wakiungana, hata wasipofikia nusu ya nguvu zote za kompyuta za mtandao, wanaweza kujichotea zaidi ya fungu lao. Kasoro ikishajulikana, kuna cha kurekebisha.

Basi andika: "Utafiti wa kitaaluma uliweka msingi wa mnyororo wa bloku, kisha ukauendeleza." Hiyo -u- ya pili katika "ukauendeleza" ni ya mnyororo, ngeli ya U-I. Ukiandika "ukaziendeleza" kwa kuwa bloku ndizo zilizo karibu, msimamizi atairudisha kazi tena, nami sitakutetea.