Jaruba halidai kufurika kila siku

Misimu yangu ya mwanzo huku bonde la Ruvu, Bagamoyo, nilikuwa silali mpaka nione jaruba langu la mpunga limejaa maji hadi kwenye kingo. Kumbe nilikuwa namwaga hela. Maji yetu yanavutwa mtoni kwa pampu za umeme, na bili ni ya wakulima wenyewe.

Siku hizi nalowesha na kuacha pakauke, kwa zamu. Kifaa cha kupimia maji ni kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, kipana kiasi cha kuchungulia ndani. Nusu ya chini itoboe matundu kwa msumari wa moto, ukizamishe sentimita 15, kisha komba tope la ndani. Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Juu utaona pamekauka, pengine na nyufa ndogo, vumilia. Tumbukiza kijiti: maji yakiwa sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia mpaka yasimame sentimita 5 juu. Mizizi inayafikia bado.

Mara ya kwanza nilichemsha. Sikusawazisha shamba, na bomba nikaliweka kwenye kona ya bondeni. Pale kijiti kinaniambia maji yapo, huku upande wa mwinuko magugu yanasherehekea. Nililipa palizi mara mbili. Kwa hiyo ukishavuruga tope, bakiza maji kidogo tu: palipoinuka patajitokeza kama visiwa. Buruta ubao mpaka visiwa viishe. Kazi hii inachosha kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanairuka.

Mpunga ukikaribia kuchanua, sahau habari ya kukausha. Wiki moja kabla na wiki moja baada, maji yasimame sentimita 5, la sivyo utavuna mapepe, punje tupu zisizo na mchele.

Jirani yangu bado ananiona bahili. Lakini mwishoni mwa 2022, Ruvu uliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, sote tuliona tunakunywa mto mmoja na jiji zima.

Bomba lichimbie karibu na tuta, ulifikie bila kukanyaga mpunga, ila pawe pa usawa wa kati. Na lifunge kwenye kigingi. Langu la kwanza watoto waling'oa wakalifanya tarumbeta.