Ukitaka kumwandika babu, anza na alichokuwa akifanya

Mwulize mtu yeyote babu yake alikuwaje, atakujibu, "Alikuwa mpole, alitupenda sana." Sawa, lakini babu wa kila mtu alikuwa mpole na aliwapenda wajukuu. Kama unataka kuandika kumbukumbu za mzee aliyekulea, sifa ziweke kando kwanza. Tafuta vitendo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na namna yake ya kusoma barua. Anafuta miwani kwa pindo la shati, anaiinua kwenye mwanga, anaifuta tena. Kisha anaisoma barua yote kimyakimya, huku sisi wajukuu tumemzunguka roho juu. Ndipo anarudia kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Kuna mahali kidole kiliruka mistari kadhaa, naye akakohoa kidogo, tukajua hapo pana habari za wakubwa. Nikishamsimulia mtu habari za kile kidole, sihitaji tena kumwambia babu alikuwa mtu wa namna gani.

Andika ukiwa peke yako, kabla hujawapigia simu ndugu zako. Hili nalisisitiza. Kila tunapokumbuka jambo huwa tunalijenga upya. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1932. Dada yangu akishasimulia lake, tena kwa kujiamini kama ilivyo kawaida yake, langu huanza kulifuata bila mimi kujua. Kila mtu aandike kivyake, kisha mlinganishe. Mkipishana, msigombane. Dada anashikilia kwamba babu hakuwa akiruka chochote, ni macho tu yalikuwa yamechoka. Nimeyaandika yote mawili.

Usijitese kutafuta kumbukumbu za uchanga. Watu wazima wengi hawakumbuki yaliyowapata kabla ya umri wa miaka 3 hivi. Ukiona unakumbuka vizuri mzee alivyokubeba ukiwa na mwaka 1, huenda ulisimuliwa au uliona picha. Iandike, ila taja ulikoipata.

Na kama mzee wako bado yupo, una bahati. Usimwambie, "Nisimulie maisha yako." Aanzie wapi? Mpe kitu mkononi: picha, cheti cha zamani, ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Muulize nani alikuwa anakaa chumba kipi, nani alikuwa wa kwanza kuamka. Mpeleke kwenye ujana wake, maana wazee wengi hukumbuka zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko ya utu uzima wao. Mwombe ruhusa ya kumrekodi, weka simu mezani, taja tarehe na jina lake mwanzoni, halafu nyamaza. Akinyamaza naye, mwache. Mara nyingi anatafuta jina la mtu. Akirudia hadithi uliyokwisha kuisikia, tafadhali usimkatize kwa "hiyo ulishanisimulia." Safari hii anaweza kumtaja mtu ambaye hajawahi kumtaja.

Rekodi usiziache kwenye simu moja tu. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa bila kuaga. Weka nakala kwingine, na nyingine kwa ndugu unayemwamini.

Picha nazo zina kazi yake. Andika nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu wino huweza kupenya au kuchafua picha inayolalia juu yake. Taja watu kutoka kushoto kwenda kulia, kwa majina yao kamili. Ukiandika "mama na mjomba" peke yake, wajukuu wako watabaki wakiulizana ni mama wa nani.